Chumba Kilichosubiri Mkasi

Madaraka yaliniletea fulana. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote niliyofundishwa kwenye ile semina ya mjini Kigoma, tulikoitwa watendaji wa vijiji kuelezwa kwamba serikali imeamua kuyashusha madaraka kutoka makao makuu mpaka kwa mwananchi wa chini. Mwezeshaji alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Dodoma. Alichora mshale mrefu kutoka juu ya karatasi kwenda chini, akaandika ngazi zote pembeni yake: taifa, mkoa, wilaya, kata, kijiji. Chini ya kijiji hakuandika kitu. Kwa kijiji changu alipatia kabisa, maana baada yetu kuna maji, halafu Kongo.

Fulana ilikuwa ya kijani, imeandikwa kifuani MADARAKA NI YAKO, na ilikuwa kubwa mno. Tulipolalamika tukaambiwa vipimo vilipangwa Dodoma.

Mimi ni mtoto wa Rusimbi, nimekulia mjini, na ziwa nililijua kwa kuliangalia. Kupangiwa kijiji cha mwambao, mbele ya Mwamgongo, ambako hufiki ila kwa boti, kulinifanya nilie kidogo na kutapika sana. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari mjini, akabaki huko. Kuhamishwa ili mke na mume wakae pamoja ni jambo linaloamuliwa mbali, na mshale wa mwezeshaji haukuligusa. Basi nikashuka mchangani peke yangu na begi, godoro na fulana yangu, tayari kuwakabidhi wananchi madaraka yao.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuwapata hao wananchi.

Kalenda ya mikutano ilikuja imeshapangwa. Mkutano mkuu wa kijiji, kila robo mwaka, tarehe fulani, saa nne asubuhi. Nikabandika tangazo, nikapanga mabenchi, nikakaa chini ya bendera. Waliohudhuria ni mwenyekiti wa kijiji, mbuzi wake, na mzee mmoja aliyetaka kujua kama mimi ndiye muuza vocha.

Mwenyekiti ni mvuvi wa dagaa, mtu mpole mwenye macho mekundu wakati wote. Akanionea huruma.

"Mama Mtendaji," akasema, "leo ni giza."

Nikaangalia jua. Lilikuwa linaniunguza paji la uso.

"Mwezi haupo," akafafanua. "Mwezi usipokuwepo tunakesha ziwani na taa, mchana tunalala. Wanawake wako kule mchangani wanaanika dagaa. Mkutano ni wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, basi tunakaa nchi kavu, tunakuwa watu."

Nikaelewa kwamba kijiji kile kilikuwa na kalenda yake tangu zamani. Ndoa zilifungwa mbalamwezi. Kesi za mipaka ya mihogo zilisikilizwa mbalamwezi. Hata matusi ya wakati wa giza yaliwekwa akiba, watu wakaja kugombana vizuri wakishalala usingizi wa kutosha. Nikapanda kilimani ambako simu inashika, nikawaomba wakubwa wa halmashauri waturuhusu tukutane kwa kufuata mwezi. Nikajibiwa kwamba kalenda ni ya nchi nzima. Nikauliza kama mwezi nao si wa nchi nzima. Simu ikakatika. Mtandao wa kule unalaumiwa kwa mengi.

Kwa hiyo tukawa na mikutano ya aina mbili. Ulikuwepo wa kalenda, ambao niliutolea taarifa kwamba akidi haikutimia, na ulikuwepo wa mbalamwezi, ambamo kijiji kiliamua mambo yake. Kwenye akidi nilikuwa mkali, nakiri. Niliwaambia kila mara kwamba uamuzi usio na akidi ni soga, hata kama ni uamuzi wa busara kiasi gani. Walinisikiliza kwa makini kuliko nilivyodhani.

Mkutano wa kwanza wa mbalamwezi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vipe, zile boti za dagaa, zilizovutwa nchi kavu. Ajenda ilikuwa moja: mwananchi achague mwenyewe anachotaka. Wanaume wakataka banda la kivuli pale mwaloni, boti zinaposhushia dagaa. Vijana wakataka uwanja wa mpira. Kijiji chetu kimeinama kama paa la nyumba, mpira ukipigwa unaishia ziwani, lakini walisema hilo ni suala la kitaalamu. Ndipo akasimama jirani yangu.

Nilikuwa namjua kama mwanamke wa vicheko, anayeanika dagaa wake karibu na mlango wangu na kunitania kwa jinsi ninavyoogopa mawimbi. Siku ile hakucheka.

"Mwanangu nilimzaa kwenye boti," akasema. "Hapo hapo mbele ya Gombe, tukipeleka uchungu wangu Kigoma. Sokwe wa mule msituni wakizaa, wapo wazungu wanaandika: leo fulani kazaa, mtoto dume, mzima. Wangu hakuandikwa na mtu. Hakufika bandarini Kibirizi."

Akakaa. Kwenye zahanati yetu nesi alikuwa na chumba kimoja tu, cha sindano, malaria na vidonda, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu aliwekwa kwenye boti na kuombewa upepo mzuri. Mwenyekiti akauliza nani bado anataka uwanja wa mpira. Chumba cha kujifungulia kikapita kwa mikono yote, na mimi nikatangaza akidi imetimia huku nikijifuta machozi kwa kilemba.

Wakakijenga wenyewe. Hapa sitanii, maana sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Kila giza lilipoisha, wanaume walishusha mawe kutoka mlimani, wanawake wakabeba mchanga, na wenye vipe wakaleta saruji kutoka mjini juu ya nyavu zao. Jirani yangu alibeba mchanga kuliko wote, na vicheko vyake vikarudi. Halmashauri ikatoa mabati, vitanda, rangi, na kufuli. Ilikuwa kufuli nzuri, nzito. Jengo lilipokamilika, afisa mmoja akaja, akalisifu, akautia mlango wa nyuma komeo la ndani, akaufunga wa mbele kwa kufuli, akaondoka na ufunguo.

"Lisitumike mpaka lizinduliwe," akasema akipanda boti.

Mwanzoni mgeni rasmi alikuwa diwani. Diwani wetu ni jirani, angeweza kuja kwa miguu na kandambili. Lakini picha za jengo zilifika kwa wakubwa, wakaona ni zuri mno kwa diwani. Mgeni akawa mkubwa wa ngazi inayofuata. Naye alipochelewa kidogo, aliye juu yake akasikia, ikawa ni utovu wa itifaki azindue mdogo wakati mkubwa yupo. Hivyo, jinsi jengo lilivyozidi kukaa ndivyo cheo cha mgeni kilivyozidi kupanda, na kadiri cheo kilivyopanda ndivyo mgeni alivyozidi kukosa nafasi. Mshale wa mwezeshaji nikawa nauona unarudi ulikotoka.

Kila tarehe iliyotajwa tulijiandaa. Tuliazima turubai Mwamgongo, tukalileta kwa boti, tukalirudisha kwa boti. Tarehe zote zilitoka kwenye kalenda ya nchi nzima, kwa hiyo zote ziliangukia giza, na wapiga ngoma walikuwa wakiamshwa usingizini na kucheza wamefumba macho. Kisha ujumbe unakuja: Mheshimiwa ana kikao. Mheshimiwa ana safari. Mheshimiwa ameambiwa leo ziwa si zuri. Na wanawake wa kijiji waliendelea kupandishwa kwenye boti, wakipita mbele ya jengo lao lenye vitanda vipya vinavyoonekana dirishani. Jirani yangu alikuwa akisimama mchangani kila boti ya namna hiyo ilipoondoka, haondoki mpaka ipotee. Nilikuwa naona aibu kumsogelea.

Katikati ya hayo mimi mwenyewe nikawa mjamzito. Mume wangu alikuja likizo, na likizo za walimu hazihitaji kuzinduliwa. Miezi ya mwisho ilipokaribia niliomba ruhusa nikajifungulie mjini, kwa mama. Nikajibiwa kwamba mtendaji haondoki kituoni kabla ya uzinduzi, kwa sababu nani atampokea mgeni? Kwa maneno mengine, nilizuiwa kwenda kujifungua kwingine kwa sababu ya chumba cha kujifungulia nilichokatazwa kujifungulia. Nilimweleza mama kwenye simu. Mama akauliza kama kweli nilifaulu masomo yangu yote.

Hatimaye Mheshimiwa akaja. Hili ndilo linalonifanya nicheke mpaka leo, ingawa siku yenyewe sikucheka.

Boti ya abiria haikumfaa mtu wa cheo chake, akaazima boti ya doria. Boti hiyo ni nyeupe, ina mashine mbili, na kwa watu wa mwambao ndiyo serikali yenyewe, maana hawajawahi kuiona serikali ikija kwa chombo kingine. Huja kusaka nyavu haramu, na ikizikuta huzikusanya na kuzichoma hapo hapo mchangani. Hakuna aliyetuambia kwamba safari hii imebeba mkasi.

Tulikuwa tumejipanga vizuri. Wapiga ngoma mstari wa mbele, kwaya nyuma yao, wazee kwenye viti, mimi katikati na tumbo langu ndani ya ile fulana ya kijani, ambayo sasa ilinienea sawasawa. Nilishika sinia lenye mkasi na utepe na maua ya plastiki. Ghafla mtu mmoja akapiga kelele, "Doria!" Ile nukta nyeupe ilikuwa imeshatokea upande wa Gombe, inakata maji moja kwa moja kuja kwetu.

Sijui nieleze vipi. Kijiji kizima kilivunjika. Wanaume wakakimbilia nyavu, wakazitia mabegani, wakapanda mlima. Wenye nyavu halali nao wakakimbia, kwa sababu uhalali wa wavu, kama walivyonieleza baadaye, unategemea nani anaupima. Kwaya ikakimbia imevaa sare. Wazee ambao asubuhi walidai hawawezi kusimama wakati wa wimbo wa taifa waliruka makorongo. Mwenyekiti alibaki kidogo, akaniangalia kwa huzuni ya kweli, akasema, "Mama Mtendaji, mimi nina wavu mmoja tu ambao sina hakika nao," kisha naye akaondoka.

Mheshimiwa aliposhuka alikuta ngoma zisizo na wapigaji, viti vimepinduka, na mwanamke mmoja mjamzito mwenye sinia. Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu kwa sababu nesi hana wavu.

"Shikamoo Mheshimiwa, karibu kijijini kwetu," nikasema.

Akaangalia kulia na kushoto. "Wananchi wako wapi?"

"Wapo, Mheshimiwa. Wako mlimani."

"Wanafanya nini mlimani?"

Nilishindwa kumwambia kwamba wanamkimbia yeye. Nikasema wana shughuli za uzalishaji. Akatikisa kichwa, akamwambia msaidizi wake kwamba hawa watu hawana mwitikio, kwamba maendeleo huwezi kumpelekea mtu asiyeyataka. Nikamwomba azindue hata hivyo, mlango ule pale, hatua chache, mkasi huu hapa. Akasema uzinduzi bila wananchi si uzinduzi. Ile ilikuwa akidi yangu, ikinirudia mimi mwenyewe usoni. Akapanda boti yake na ufunguo aliokuja nao. Nilibaki pale na sinia langu, nikalia kwa hasira mbele ya nesi, hasira ya mtu aliyeona kabisa mahali pa kulala na kuambiwa asimame.

Uchungu wangu ulianza kabla ya siku zake, mbalamwezi iliyofuata, mchana kweupe. Siku hiyo upepo ulikuwa umelichafua ziwa mpaka boti za abiria zilikuwa zimeegeshwa tangu jana yake. Ile njia ya Kigoma haikuwepo. Nesi alinipima akaniambia niache kuuliza habari za boti. Kwenye chumba chake kimoja kitanda kilikuwa na mzee mwenye dripu. Wakanikalisha kwenye baraza la jengo jipya, mgongo wangu ukiegemea mlango uliofungwa, na nikahisi ubaridi wa ile kufuli kwenye bega.

Kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi, kijiji chote kilikuwa macho na kilikuwa nchi kavu. Kikaja chote. Jirani yangu alitangulia, na alikuja na jiwe.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. "Hiyo kufuli ni ya serikali."

"Na wewe ni nani?" jirani akamuuliza.

Mwenyekiti akafikiri. "Mimi ni serikali ya kijiji."

"Basi si yako?"

"Sawa, lakini lazima uwe uamuzi wa mkutano. Mama Mtendaji mwenyewe ametufundisha."

Na wakafungua mkutano. Naapa. Mimi nimejikunja barazani, nesi ananishika kiuno, na mwenyekiti anasoma ajenda. Mzee mmoja, yule yule wa vocha, akanyoosha mkono kukumbusha kwamba kisheria tangazo la mkutano linabandikwa mapema. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa, na ambalo mama yangu hajui kwamba nalijua.

"Mama Mtendaji," mwenyekiti akainama kwa adabu, "akidi imetimia?"

Nikainua kichwa. Niliona baraza limejaa, njia imejaa, watu wamesimama mpaka kwenye mihogo ya watu. Nilikuwa sijawahi kupata mahudhurio ya namna ile.

"Imetimiaaa!" nikapiga ukelele, na nesi akaniambia kwa ukelele huo huo nisukume.

"Wanaokubali tufungue?"

"Egooo!" wakaitikia wote, ndiyo ya Kiha.

"Wanaokataa?"

Alipofika kwa wanaokataa, jirani yangu alikuwa amekwishaanza. Aliipiga ile kufuli kama mtu anayemdai. Haikuvunjika, ila komeo liling'oka na mbao yake, mlango ukafunguka, nikaingizwa mikononi mwa wanawake na kulazwa kwenye kitanda ambacho godoro lake lilikuwa bado ndani ya nailoni. Binti yangu alizaliwa pale, nikiwa nimevaa MADARAKA NI YAKO iliyokunjwa mpaka kifuani. Jirani ndiye aliyempokea kutoka kwa nesi. Alimshika muda mrefu kabla ya kunipa, na mimi nikamwacha amshike.

Simu kutoka mjini ilinikuta kilimani baada ya wiki kadhaa, mtoto mgongoni. Nani aliamua kuvunja? Nikasema mkutano mkuu wa kijiji. Wakaniuliza mkutano wa lini, maana kwenye kalenda haumo. Nikapewa onyo kwa kutumia jengo ambalo halijazinduliwa, na hilo halikuninyima usingizi kwa sababu mtoto alikuwa ameshaninyima wote. Mlango ule haukufungwa tena. Wanawake walizaa pale giza na mbalamwezi, na boti zikarudia kubeba abiria wa kawaida. Siku moja jirani yangu alianika dagaa kwa kuinama kwa shida, nikamtazama, akacheka, nikajua.

Miezi ikapita ndipo ikaja habari kwamba Mheshimiwa ametusamehe na anarudi. Safari hii niliwasihi wampangie tarehe ya mbalamwezi. Nilisema ni kwa usalama wa boti, sababu wanayoielewa. Yakaja pia maelekezo: magodoro yarudishwe kwenye nailoni, utepe ufungwe, na mlango ufungwe kwa kufuli, kwa sababu Mheshimiwa hawezi kufungua mlango ulio wazi. Kufuli mpya ikaletwa kwa boti, na fundi akatengeneza komeo.

Alfajiri ya siku yenyewe jirani yangu akashikwa na uchungu.

Nikaenda kwa nesi na wasiwasi wote wa mtumishi mwenye onyo. Nesi hakuinua hata macho. "Huyu hatoki hapa," akasema. "Mlango wa nyuma upo. Huko mbele fungeni mnavyotaka." Basi tukafunga mbele, tukatundika utepe, na wanawake wakawa wanapitisha maji ya moto kwa nyuma, kimyakimya, wamevaa sare za kwaya.

Mheshimiwa akaja kwa boti ya abiria, akakuta bahari ya watu. Alifurahi. Alisema hajawahi kuona mwitikio kama huu. Alitambua waheshimiwa wote mmoja mmoja, akaeleza madaraka yanavyoshuka kwa wananchi, akanyoosha mkono kutoka juu kwenda chini kama mwezeshaji wangu. Mimi nilisimama pembeni na sinia, binti yangu mgongoni, na sikio langu lilikuwa kwenye ule ukuta. Sikuwa nasikia kitu. Niliwaza boti, niliwaza Gombe, niliwaza yule ambaye hakuandikwa na mtu.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, akiuchukua mkasi, "kuanzia leo, na nasema kuanzia leo, mama wa kijiji hiki atajifungulia hapa hapa nyumbani!"

Ndani, nyuma ya kufuli, mtoto akalia.

Alilia kwa sauti kavu, ya nguvu, ya mtoto mzima mwenye afya. Kijiji chote kilisikia, na kijiji chote kilijua ni wa nani. Wanawake wakapasuka kwa vigelegele, wanaume wakatupa kofia, wapiga ngoma wakazipiga bila kuamshwa, mwenyekiti akalia waziwazi na macho yake mekundu. Mimi nilipiga kigelegele mpaka binti yangu akaamka.

Mheshimiwa akatabasamu, akainua mkono kutushukuru, akasubiri tutulie. Kisha akairudia ile sentensi tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto wa jirani yangu akamjibu tena.